Ile Tiketi ya Simu Ilikwenda Wapi?

Waraka wa wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Malipo wa kampuni yangu ya simu, Bujumbura

Bwana Mkuu,

Nakuandikia kwa adabu zote nilizofundishwa hapa Buyenzi. Jina la kampuni yako nimelistiri kama wewe unavyoistiri hesabu yangu, kwa hiyo hakuna atakayesema nimekuvunjia heshima hadharani. Sina ugomvi nawe. Nina swali la historia tu, na najua wakubwa hawaiogopi historia, mradi isifike mwaka huu.

Swali lenyewe ni hili: ile tiketi ya simu ilikwenda wapi?

Huenda wewe u kijana na hukuwahi kuiona, basi niruhusu nikueleze. Katika siku za simu za kuunganishwa, mtu aliyetaka kuongea na mji wa mbali hakubonyeza kitu. Alinyanyua mkono wa simu, akaitikiwa na opereta, binadamu mwenye jina, akamtajia mji na namba anayoitaka. Kabla ya kuchomeka waya wowote opereta alishika penseli. Kwenye kikaratasi cha kuenea kiganjani aliandika tarehe, namba ya anayepiga, mji na namba ya anayepigiwa, na aina ya simu iliyoombwa. Upande wa pili ukiitika, aliandika saa. Wazungumzaji wakiagana na kuweka simu chini, taa ndogo iliwaka ubaoni mbele yake, naye akaandika saa kwa mara ya pili, akapata dakika, akatia alama yake ya kazi. Mwisho wa mwezi makarani walizipanga tiketi hizo kwa namba za wateja, wakazitia bei moja moja, wakajumlisha. Ndiyo ankara hiyo, fagitire kama tunavyosema hapa mjini, na nyuma ya kila mstari wake palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mtu.

Wamarekani hawakuridhika na hesabu za kichwani za opereta mwenye simu kumi mbele yake. Mwishoni mwa karne ya 19 Henry Abbott wa New York akaunda saa ya kazi iliyoitwa Calculagraph. Opereta aliisukumia tiketi, akavuta wenzo mazungumzo yalipoanza, akavuta tena yalipokwisha, na saa ikapiga mhuri wa muda uliopita. Mteja akija kulalamika, karani alivuta tiketi kutoka kabatini na kuiweka mezani. Aliyekosea alionekana palepale, awe mteja au awe opereta.

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yale yalikuwa ya bei nafuu. Simu za kimataifa zililipiwa dakika tatu kwa uchache, hata kama ulitaka kusema "nimefika salama" tu na kuweka simu chini. Ukimtaka mtu fulani na si yeyote atakayeitika, uliomba kile Wafaransa na Wabelgiji walichokiita préavis: opereta alimtafuta mtu wako kwa jina, na dakika hazikuanza kuhesabiwa mpaka yeye mwenyewe ashike simu. Kulikuwa pia na PCV, simu ya kulipiwa na mpokeaji. Opereta alimuuliza kwanza wa upande wa pili kama anakubali kulipa, na jibu lake likaingia kwenye tiketi. Huko Marekani watu waligundua kwamba opereta akitaja jina la mtu asiyekuwepo, jina lenyewe linaweza kuwa habari. Msafiri akifika aliomba kuongea na mtu wa kubuni, nyumbani wakajibu hayupo, simu ikakatwa bila malipo, na mama akalala akijua mwanawe amefika. Sisi tuna kubipu, Bwana Mkuu. Ni PCV yetu ya mitaani, na tunaisoma vizuri: mara moja maana yake nimefika, mara mbili maana yake nipigie, mara tatu maana yake nimekasirika.

Lakini kitu ninachokiheshimu zaidi katika zama zile ni kingine. Katika nchi nyingi mteja aliweza kumwambia opereta mapema: simu hii ikiisha, nijulishe imechukua muda gani na inagharimu kiasi gani. Mwenye hoteli alifanya hivyo ili amtoze mgeni wake haki, na mwenye duka aliyemwazima jirani simu alifanya hivyo ili urafiki usivunjike. Opereta alimaliza hesabu, akapiga tena, akataja dakika na bei kwa mdomo wake. Sikiliza vizuri hapo: shirika lilimpigia mteja kumwambia limemkata kiasi gani. Mimi kampuni yako imenipigia mara nyingi, ikitaka kuniuzia nyimbo.

Tiketi ile haikuwa ya mteja na opereta peke yao. Ilikuwa pia deni baina ya mataifa. Muungano wa kimataifa wa telegrafu, uliozaliwa Paris mwaka 1865 na ambao leo unaitwa ITU, ulizifanya nchi zipelekeane hesabu za tiketi hizo, nani kapeleka dakika ngapi kwa nani, kisha bei ya simu igawanywe baina ya waliohusika. Hesabu hizo zilifanywa kwa faranga ya dhahabu yenye gramu 10/31, ya usafi wa 900 kwa 1000, na ziliendelea hivyo mpaka ndani ya miaka ya 1980, wakati ambapo sarafu hiyo haikuwa mfukoni mwa mtu yeyote, si Bwiza wala Bruxelles. Pesa ya kubuni, lakini daftari la kweli. Siku hizi naona mmegeuza: pesa ni zangu za kweli, na daftari ndilo la kubuni.

Kwetu sisi tiketi ilikuwa na kichekesho chake. Tangu sheria ya mwaka 1925, Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Usumbura, kama mji huu ulivyoitwa, pamoja na Kigali, Bukavu na Uvira, yote ilikuwa chini ya bwana mmoja. Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960, sisi na Wanyarwanda tarehe 1 Julai 1962, na opereta akatakiwa aandike "kimataifa" kwenye simu ya Uvira, mji ambao usiku ukiwa mwangavu unaziona taa zake ukiwa ufukweni hapa. Si kwetu tu. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la posta na simu mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na waya zake na ankara zake. Tena kwa miaka mingi simu za kati ya nchi jirani za Afrika zilizunguka kupitia Ulaya, maana njia za mawasiliano zilijengwa kuelekea kwa waliotutawala. Sauti ilivuka bahari mara mbili ili ifike kijiji cha pili, na mlipaji alilipia safari yote.

Najua utakachonijibu. Utasema: mzee, huyo opereta wako alikuwa na masikio. Kweli kabisa, na alikuwa na mkono pia. Almon Strowger, mzishi wa maiti wa Kansas City, aliamini kwamba waunganishaji wa simu wanawapeleka wafiwa wake kwa mzishi mwenzake. Inasemekana mmoja wao alikuwa mke wa mshindani wake. Hasira ikamfanya mvumbuzi. Hataza ya mtambo wake wa kuunganisha simu bila opereta ilitoka mwaka 1891, na tarehe 3 Novemba 1892 kituo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa La Porte, Indiana. Simu za kujipigia mwenyewe zina asili yake katika kutoaminiana kwa wafanyabiashara wa majeneza. Sioni aibu yoyote katika hilo, mimi pia hasira ndiyo iliyonipa wino.

Utasema tena: opereta alipoondoka, tiketi nayo ikaondoka, mashine haiandiki karatasi. Hapo, kwa heshima, nakukatalia, tena kwa ushahidi wa Wabelgiji. Kiwanda cha Bell Telephone Manufacturing cha Antwerp kilitengeneza mtambo uliojiandikia tiketi wenyewe: nani kapiga, kampigia nani, saa ngapi, dakika ngapi, karatasi moja kwa kila simu ya masafa, bila opereta. Ulifungwa Bruges mwishoni mwa miaka ya 1930, miongoni mwa mitambo ya kwanza duniani ya aina hiyo. Waliotutawala walikuwa nao kwao kabla ya Vita Kuu ya Pili, wakati baba zetu hapa Buyenzi wakiishi katika kile wao walichokiita kijiji cha Waswahili. Mwaka 1948, huko Media, Pennsylvania, kampuni ya Bell ikaanza kutumia mtambo wa kutoboa matundu kwenye utepe wa karatasi, simu baada ya simu, kisha mashine nyingine zikausoma utepe na kuandaa ankara.

Karatasi iliondoka kwa sababu nyingine, ya ubahili. Nchi nyingi za Ulaya ziliona ni rahisi zaidi kumpa kila mteja kaunta yake ndogo kituoni, inayoruka tarakimu moja kila mpigo wa umeme unapopita. Simu ya karibu ikapewa mipigo michache, ya mbali mipigo ya haraka haraka. Mwisho wa kipindi cha malipo aliingia mtu na kamera, akapiga picha kuta nzima za kaunta, na makarani wakasoma picha. Mteja akaletewa jumla moja: umetumia mipigo elfu kadhaa, lipa. Ipi ya Kigoma, ipi ya dukani, ipi aliyopiga mtumishi ulipokuwa msikitini? Kaunta haikujua. Malkia Elizabeth II alizindua simu za masafa za kujipigia mwenyewe Uingereza tarehe 5 Desemba 1958, kutoka Bristol kwenda Edinburgh. Alizungumza dakika mbili na sekunde tano, ikagharimu peni kumi. Tazama jinsi hesabu ya malkia inavyojulikana mpaka sekunde. Raia wake walipopata ankara zao walipata jumla, wakalalamika kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka vituo vya dijitali vilipokuja na ankara zenye orodha ya simu kuanza kuwafikia katika miaka ya 1980.

Sasa nifike kwako, Bwana Mkuu, maana kahawa yako huenda inapoa.

Niliweka inite, yaani salio la simu, jioni. Asubuhi hazikuwepo zote, na sikuwa nimempigia mtu. Nikavaa vizuri, nikaja ofisini kwenu. Binti wa dirishani alinipokea kwa heshima, Mungu ambariki, akatazama kompyuta yake kwa muda mrefu, akasema: "Mzee, ni mfumo ndio umekata." Nikauliza umekata kwa ajili ya nini. Akasema mfumo hauonyeshi. Nikauliza naweza kumwona nani. Akasema hakuna wa kumwona, ni mfumo. Bwana Mkuu, huyu Mfumo nimemsikia benki, nimemsikia hospitali, na sasa namsikia kwako. Ni mtu wa kazi nyingi. Naomba siku moja unikutanishe naye, maana katika historia yote niliyokusimulia hapo juu yeye ndiye mwandishi wa kwanza wa tiketi asiyetia alama yake.

Na tusidanganyane kwamba haandiki. Anaandika kuliko opereta yeyote aliyewahi kuishi. Kila simu inayopita kwenye mitambo yako inaacha kumbukumbu: namba mbili, saa ya kuanza, urefu kwa sekunde, mnara ulionihudumia, hata namba ya utambulisho ya kifaa changu. Opereta wa zamani hakujua kama niko Kamenge au Musaga. Wewe unajua. Tena laini nimeisajili kwa kitambulisho changu, kwa hiyo unajua na jina la mama yangu. Tiketi ipo. Kilichobadilika ni nani anayeruhusiwa kuisoma.

Nimelifikiria jambo hili sana, na naona chanzo chake ni mpangilio wa malipo. Zamani mteja alizungumza kwanza akalipa baadaye. Shirika ndilo lililokuwa likidai, na anayedai ndiye mwenye haja ya kuandika. Telecel, kampuni ya simu za mkononi aliyoianzisha Miko Rwayitare Kinshasa mwaka 1986, ilikuwa simu ya mawaziri na matajiri, na ilipoingia mjini kwetu katika miaka ya 1990 bado ilikuwa simu ya wakubwa. Sisi wengine tuliingia kwa mlango wa kadi za kukwaruza: lipa kwanza, ongea baadaye. Siku ile mimi ndiye niliyegeuka mdai. Pesa zangu ziko kwako kabla sijasema "aloo", na kalamu pia ikabaki kwako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuwaza kwamba mali inaweza kuwa ya mmoja na daftari likawa la mwingine.

Muuza samaki wa mukeke wa sokoni kwetu, ambaye hajasoma chuo chochote, huiweka mizani mahali ninapoiona, na akinizidishia bei najua nimezidishiwa.

Kuna upande wa pili wa karatasi hii, na itakuwa si haki nikuombe kumbukumbu bila kuutaja. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Smith dhidi ya Maryland, iliamua kwamba polisi hawakuhitaji hati ya mahakama ili kampuni ya simu iwarekodie namba ambazo mtu anapiga. Hoja ya majaji ilirudi kwa opereta wetu: mtambo, walisema, umechukua tu nafasi ya yule aliyekuwa akiunganisha simu kwa mkono, na kama ungemtajia yeye namba, usingeweza kudai kwamba ilikuwa siri. Mimi si mwanasheria, lakini naiona hoja hiyo ina kasoro moja kubwa. Opereta alisahau. Alikwenda nyumbani, akapika, akazeeka. Tiketi zake zilihifadhiwa kwa muda, kisha kabati likahitajika kwa tiketi nyingine. Mfumo haupiki wala hauzeeki.

Wafaransa walipoanza kutoa ankara zenye orodha walificha tarakimu nne za mwisho za namba iliyopigwa, ili mteja aweze kuhakiki malipo yake bila ankara kugeuka shahidi wa ndoa za watu. Naona walifikiri vizuri. Mteja anahitaji kujua amekatwa nini. Mkewe, mwajiri wake, au mgeni aliyekaa sebuleni si lazima ajue kila kitu. Kwenu naona mmefikia mpangilio mwingine ambao sijausoma mahali popote: mimi mwenye namba siruhusiwi kuona tarakimu hata moja. Kama wengine wanaruhusiwa kuniona mimi, hilo sitaliuliza hapa. Nina wajukuu.

Kwa hiyo naomba. Niwekee dirishani, bure, orodha ya siku thelathini zangu za mwisho: saa, muda, kilichokatwa na sababu yake, tarakimu za mwisho zikiwa zimefichwa mpaka mimi mwenyewe nionyeshe kitambulisho na kuomba zifunuliwe. Iwe kwa Kirundi au Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anaweza kuzisoma bila kumwita mtoto wa jirani. Kifurushi kikiisha saa sita usiku na inite zangu zikaanza kuliwa, ujumbe uje kabla ya kuliwa, si baada. Na orodha hiyo iwe na mstari mmoja wa mwisho unaosema ni nani mwingine aliyefungua kumbukumbu zangu mwezi huo, na kwa idhini ya nani. Mtambo wa Bruges uliyaweza mengi ya haya kwa chuma na karatasi. Sina shaka wako, wenye bei ya mabilioni, hautashindwa.

Inite zangu zilizopotea usiku ule sizidai tena. Zihesabu kuwa mchango wangu kwa Mfumo. Ninachodai ni jibu lako kwa maandishi, nalo liwe na jina na sahihi ya mtu.

Wako kwa heshima,
Mteja wa kulipa kabla,
Buyenzi, Bujumbura